Bi. Margaret Wade na Mchezo Uliofutwa

Yako maamuzi ya wakubwa yanayotangazwa kwa kishindo, na yako mengine yanayopita kimya kimya, yakatoka ofisini bila kumshtua mtu isipokuwa wale wachache yaliyowagusa. Leo twazungumzia uamuzi wa namna ya pili. Ulipitishwa mwaka 1932 katika chuo kidogo cha ualimu huko Mississippi, jimbo la kusini mwa Marekani, na ulihusu jambo ambalo wengi wataliona dogo: timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Uamuzi huo ulidumu kwa miaka 41. Miongoni mwa waliopigwa nao alikuwamo msichana wa miaka 19, Lily Margaret Wade, ambaye alipofikia umri wa miaka 60 alikabidhiwa kazi ya kuuanzisha upya mchezo ule ule alionyang'anywa.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza habari za Mississippi zatuhusu nini. Jibu limo katika viwanja vya shule zetu, Unguja na Pemba. Netiboli, mchezo ambao mama zetu na dada zetu wameucheza tangu zama za Waingereza, ni mtoto wa mpira wa kikapu wa wanawake wa Marekani. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwalimu wa mazoezi ya viungo aitwaye James Naismith. Haukupita muda mrefu, Bi. Senda Berenson, mwalimu katika chuo cha wanawake cha Smith kilicho karibu na mji huo, akawafundisha wanafunzi wake mchezo huo. Pambano lao rasmi la kwanza lilichezwa Machi 1893, na wanaume walizuiwa kuingia kutazama.

Kwa kuchelea rabsha na machovu, Bi. Berenson aliugawa uwanja sehemu 3 na kumkataza kila mchezaji kutoka katika sehemu yake. Akapiga marufuku kunyang'anyana mpira, akaamuru usishikwe mkononi zaidi ya sekunde 3. Mchezo wa wasichana wa Marekani ulipovuka bahari hadi Uingereza ndipo ulipogeuka kuwa netiboli, na kutoka huko ukaletwa kwetu na walimu wa kikoloni. Basi ile mistari miwili inayoukata uwanja wa netiboli mapande matatu asili yake ni hadhari ya walimu wa zama zile, walioogopa kwamba msichana akiachiwa kukimbia uwanja mzima ataumia.

Hatumlaumu Bi. Berenson. Katika zama zake wako mabwana na mabibi wengi waliodai kwamba msichana hapaswi kukimbia kabisa, na yeye aliwafungulia mlango. Lakini hadhari ina tabia ya kukua mikononi mwa watu wengine. Mwaka 1923 ulikutanishwa mjini Washington mkutano wa wataalamu wa michezo ya wanawake, ukiongozwa na Bi. Lou Hoover, mke wa waziri ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Mkutano huo ulizaa chama kilichopinga mashindano baina ya vyuo kwa wasichana. Michezo ya kujifurahisha ilikubaliwa. Kushindania kombe kulikataliwa. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza, na baadhi yao walipofika mwisho wakajilaza chini kwa uchovu, kama wakimbiaji wafanyavyo siku zote. Magazeti yakalikuza jambo hilo, na mbio hizo zikafutwa kwa wanawake hadi mwaka 1960. Hiyo ndiyo hewa waliyoivuta wakuu wa vyuo wakati Margaret Wade alipokuwa mwanafunzi.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1912 katika kijiji cha McCool, jimboni Mississippi. Sehemu kubwa ya maisha yake ilifungamana na mji mdogo wa Cleveland. Tusiuchanganye mji huu na ule mkubwa wa jina hilo ulioko Ohio. Cleveland ya Mississippi imo katika nchi iitwayo Delta, ingawa si delta ya mdomo wa mto kama ile ya Rufiji, bali ni bonde tambarare baina ya mto Mississippi na mto Yazoo, lenye udongo wa rutuba na mashamba ya pamba yasiyo na mwisho. Mwaka 1925 kilifunguliwa hapo chuo cha ualimu kilichoitwa Delta State.

Katika chuo hicho Wade alicheza kwa misimu mitatu. Alikuwa mfungaji na nahodha, na katika misimu hiyo timu ilishinda michezo 28, ikashindwa 5, na kutoka sare 2. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa masomo chuo kilipoifuta timu ya wasichana. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mchezo huo ni mzito mno kwa wanawake vijana.

Yafaa tusimame kidogo juu ya sababu hiyo. Nje ya mipaka ya chuo, katika mashamba yale yale ya Delta, maelfu ya wanawake, wengi wao Weusi, waliinama tangu alfajiri hadi magharibi wakichuma pamba na kuburura magunia yake chini ya jua kali. Hakuna mkuu aliyepata kuandika barua kuifuta kazi hiyo kwa kuwa ni nzito mno kwa wanawake. Sisi wa visiwani tunaielewa hesabu ya namna hii bila kufafanuliwa. Hapa kwetu pia mwanamke hubeba ndoo za maji na mizigo ya kuni, na watu husema ni kazi za wanawake. Akitaka kukimbia uwanjani jioni, ndipo huibuka wenye kumhurumia mwili wake.

Wachezaji wale walilia. Kisha wakazichukua fulana na sketi zao za kuchezea wakazichoma moto, maana hawakuwa na jambo jingine la kufanya. Hapakuwa na baraza la kupeleka malalamiko wala sheria ya kuishika. Walioamua hawakuwa waovu, na hilo ndilo lililoufanya uamuzi wao udumu. Mtu mwovu akijulikana hupingwa, lakini aliyefunga mlango akiamini kwamba anawalinda waliomo ndani haoni haja ya kurudi kuutazama.

Wade alimaliza masomo mwaka 1933. Alicheza kwa miaka miwili katika timu ya mji wa Tupelo, akawa nahodha huko pia, hadi goti lilipomuumiza akaacha. Akageukia kufundisha. Baada ya kuanzia katika shule ndogo, mwaka 1935 aliingia shule ya sekondari ya Cleveland, akakaa na timu ya wasichana kwa miaka 19. Hesabu za kipindi hicho ni hizi: michezo 453 alishinda, 89 alishindwa, na 6 alitoka sare. Kila mwaka akawatoa wasichana waliojua mpira kuliko yeye alivyoujua katika umri wao, na kila mwaka wakafika mwisho wa sekondari na kusimama mbele ya mlango uliofungwa. Chuo cha Delta State kilikuwa katika mji huo huo, lakini hakikuwa na timu ya kuwapokea.

Lakini haki haigawanyiki, na tusimpambe marehemu kupita kiasi. Ushindi ule wa michezo 453 ulipatikana katika shule iliyofungwa kwa watoto Weusi. Sheria za Mississippi za wakati huo zilitenganisha shule kwa rangi, na chuo chenyewe hakikupokea mwanafunzi Mweusi hadi mwaka 1967. Mwaka 1969 wanafunzi Weusi 52 wa Delta State walikamatwa kwa kufanya maandamano ya kukaa kitako chuoni, wakapelekwa gereza la Parchman. Wale waliowahurumia wasichana wa Kizungu kwa kuwakataza mpira hawakuwaona kabisa wasichana wa aina nyingine.

Wade aliacha ukocha mwaka 1954. Mwaka 1959 alirudi Delta State kuwa mwalimu na kiongozi wa mazoezi ya viungo ya wanawake. Kwa miaka 14 alifundisha katika chuo ambacho kilikuwa kimeifuta timu yake, na timu ilikuwa bado haijarudishwa.

Mabadiliko yalitoka Washington. Mwezi Juni 1972 ilipitishwa sheria ya elimu iliyokuwa na ibara moja iliyokataza mtu yeyote kunyimwa nafasi, kwa ajili ya jinsi yake, katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu. Ibara hiyo haikutaja mpira wala uwanja. Kanuni za kuitekeleza katika michezo zilichelewa hadi mwaka 1975, na katika kipindi hicho cha katikati vyuo vingi vilikaa vikingoja kuona kama serikali inasema kweli. Mkuu wa Delta State, Bwana Aubrey Lucas, hakungoja. Mwaka 1973, miaka miwili kabla ya kanuni, alimwita Bi. Wade na kumtaka aianzishe tena timu ya wasichana. Tunalitaja jina lake kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi historia ya michezo humkumbuka kocha na mchezaji, ikamsahau mtendaji aliyetia saini mapema.

Jambo la pili lililofanyika mwaka huo lilikuwa kubwa vile vile. Katika kijiji cha Minter City, ndani ya Delta hiyo hiyo, alikuwako msichana Mweusi aitwaye Lusia Harris, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 3, aliyecheza katika shule ya sekondari ya Weusi karibu na mji wa Greenwood. Chuo kikamfuata, naye akakubali. Hakupewa ufadhili wa michezo, maana kwa wasichana ulikuwa haujawekwa. Alisoma kwa msaada wa masomo na kwa kufanya kazi chuoni. Alikuwa Mweusi pekee katika timu. Na ukumbi waliochezea uliitwa, na huitwa hata leo, kwa jina la Walter Sillers, spika wa bunge la jimbo kwa miaka 22, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa utengano wa rangi. Alifariki mwaka 1966. Hakuwahi kuuona umati wa Delta ukisimama chini ya jina lake kumshangilia binti wa Minter City.

Msimu wa kwanza Bi. Wade alishinda michezo 16 na kushindwa 2. Msimu wa pili, wa 1974 na 1975, hakushindwa hata mmoja. Mbele ya Harris mrefu alimweka Debbie Brock, msichana mwenye futi 4 na inchi 11, awe mpangaji wa mashambulizi. Wageni waliowaona wakiingia uwanjani pamoja walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mdogo aliupeleka mpira kwa kasi, mrefu akaupokea chini ya kikapu, na wapinzani wakabaki kuchagua yupi wamwache.

Bingwa wa Marekani wakati huo alikuwa chuo cha Immaculata cha Pennsylvania, chuo kidogo cha wasichana chini ya masista wa Kikatoliki, kilichokuwa kimetwaa ubingwa wa vyuo mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Mashindano hayo yaliendeshwa na chama cha wanawake wenyewe, kwani chama kikubwa cha michezo ya vyuo kilikuwa bado cha wanaume peke yao. Machi 1975 timu hizo mbili zikakutana katika fainali huko Harrisonburg, Virginia. Delta State ilishinda kwa pointi 90 dhidi ya 81, na Harris peke yake alifunga pointi 32. Msimu ukaisha kwa michezo 28 bila ya kushindwa, na kocha alikuwa bibi wa miaka 62 ambaye miaka 43 kabla yake aliambiwa kwamba mchezo huu ungemdhuru.

Mwaka 1976 walikutana tena katika fainali, wakashinda 69 kwa 64. Mwaka 1977 walikishinda chuo kikuu cha jimbo la Louisiana 68 kwa 55. Ukijumlisha misimu hiyo mitatu utapata ushindi wa michezo 93 na kushindwa 4. Katikati yake ulikuwamo mfululizo wa michezo 51 bila ya kupoteza hata mmoja. Mji wa Cleveland, ambao pengine wengi nje ya Mississippi hawakuusikia, ukawa unatajwa katika magazeti ya New York.

Majira ya joto ya 1976 wanawake walicheza mpira wa kikapu katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Montreal. Hiyo ndiyo Olimpiki ambayo Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliisusia, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya ragbi Afrika Kusini ya makaburu. Kwa hiyo wengi wetu tuliitazama kwa jicho moja, kama tuliitazama. Pointi za kwanza kabisa za mpira wa kikapu wa wanawake katika Olimpiki zilifungwa na Lusia Harris. Marekani ilipata medali ya fedha nyuma ya Urusi ya Kisovieti. Mwaka uliofuata timu ya wanaume ya New Orleans ilimchagua Harris rasmi katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa, jambo lisilowahi kumfika mwanamke yeyote, naye hakwenda. Harris alifariki Januari 2022, na miezi michache kabla yake ilitolewa filamu fupi juu ya maisha yake ambayo baadaye ilipata tuzo ya Oscar. Ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 40 kwa nchi yake kumuuliza habari zake.

Bi. Wade aliendelea na kazi hadi mwaka 1979, akastaafu. Katika misimu 6 alikuwa ameshinda michezo 157 na kushindwa 23. Mwaka 1978 ilianzishwa tuzo ya kila mwaka kwa mchezaji bora wa kike wa vyuo vya Marekani, ikapewa jina lake.

Wako wanaoisimulia hadithi hii kama hadithi ya subira yenye kheri, kana kwamba miaka ile 41 ilikuwa saumu na ubingwa wa 1975 ndio futari yake. Sisi hatuisomi hivyo. Wade alirudishiwa mchezo wake akiwa kocha, na hilo ni kwa sababu alijaliwa umri, akabaki katika mji ule ule, na mkuu wa chuo akawa ni mtu asiyengoja. Wachezaji wenzake wa mwaka 1932, waliochoma mavazi pamoja naye, hawakurudishiwa chochote. Wala wasichana wa Cleveland aliowafundisha kwa miaka 19, ambao walishinda michezo 453 na kisha wakaenda kuolewa, kufundisha au kufanya kazi madukani, hawakupata siku moja ya kuvaa fulana ya chuo kilichokuwa mjini mwao. Idadi yao haimo katika kitabu chochote cha rekodi. Wale walioutia saini uamuzi wa 1932 hawakudaiwa hesabu hiyo, na haielekei kwamba waliwahi kuifanya wenyewe.

Afisa anayesoma haya akiwa na bajeti ya michezo ya shule mezani kwake atajua tunamwambia nini, nasi hatutamrefushia.

Mwaka 1985 Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu huko Springfield, mji ule ule alikozulia Naismith mchezo wake, liliwapokea wanawake kwa mara ya kwanza. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa Bi. Bertha Teague, kocha wa shule huko Oklahoma. Wa pili alikuwa Bi. Senda Berenson, aliyekwisha kufariki tangu mwaka 1954, yule aliyeukata uwanja sehemu 3 ili wasichana waruhusiwe kucheza. Wa tatu alikuwa Bi. Margaret Wade, ambaye wachezaji wake walikuwa wakikimbia uwanja wote, kutoka kikapu hadi kikapu, bila ya mstari wa kuwazuia.

Timu za wasichana za Delta State zilitwaa tena ubingwa, safari hii katika daraja la pili la vyuo, mwaka 1989, 1990 na 1992, chini ya kocha mwingine. Bi. Wade alikuwa hai akayaona. Alifariki mjini Cleveland tarehe 16 Februari 1995, akiwa na umri wa miaka 82.